Vikapu Kando ya Barabara: Historia ya Safari za Kiangazi za Gofu ya Diski

Gofu ya diski huchezwa kwa kurusha kisahani cha plastiki kutoka sehemu maalumu ya kuanzia hadi kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Mwenye jumla ndogo ya mirusho ndiye mshindi, na mzunguko mmoja huwa wa mashimo 9, 18 au zaidi, kama ilivyo kwa gofu ya fimbo na mpira. Tofauti kubwa iko mfukoni. Nchini Marekani, ulikokulia mchezo huu, viwanja vingi viko ndani ya bustani za umma, havina geti wala kiingilio, na diski moja ya kuanzia hununuliwa kwa bei ya mlo wa kawaida mgahawani. Hapo ndipo ilipotoka desturi ya safari za kiangazi. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi wiki ya kwanza ya Septemba, shule zikiwa zimefungwa na jua likichelewa kuzama, marafiki na familia hupakia mikoba ya diski, mahema na maboksi ya barafu garini, wakashika barabara kuu na kuvuka jimbo moja baada ya jingine, asubuhi uwanja huu, jioni ule.

Historia ya desturi hii imefungamana na historia ya barabara na ya bustani zenyewe. Mashindano makubwa na fedha za wadhamini vilikuja baadaye. Waliotangulia ni maofisa wa manispaa wenye bajeti finyu, pamoja na watu waliokuwa radhi kuendesha gari siku nzima ili wacheze kwa saa mbili.

Kumbukumbu ya zamani inayotajwa mara kwa mara inatoka Kanada. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan, mvulana aitwaye Ronald Gibson na wenzake wa shule ya msingi walikuwa wakirusha vifuniko vya makopo, wakilenga miduara waliyoichora mchangani. Mchezo wao ulikwisha walipokua, na hakuna uzi unaouunganisha na yaliyofuata. Chimbuko lenye mwendelezo liko California. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1930, kijana Walter Frederick Morrison alikuwa akirushiana sahani ya kuokea keki na mchumba wake kwenye ufukwe wa Santa Monica, mpita njia akajitolea kuinunua kwa senti 25. Dukani sahani kama hiyo iliuzwa senti 5. Morrison aliona biashara. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkatiza: alirusha ndege za kivita huko Italia, akatunguliwa na kuwekwa mateka. Aliporudi, mwaka 1948, alitoa kisahani cha kwanza cha plastiki akishirikiana na Warren Franscioni, na mwaka 1955 akatoa kilichoboreshwa zaidi, akakiita Pluto Platter. Mwaka 1957 haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Wham-O, ile ile iliyokuja kutajirika kwa hula hoop, nayo ikakipa jina la Frisbee, lililokuwa likitumiwa na wanafunzi wa vyuo vya mashariki waliozoea kurusha sahani za pai za Frisbie kutoka Bridgeport, Connecticut.

Hadi hapo kilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Aliyekipa heshima ya kifaa cha michezo ni Ed Headrick, aliyeingia Wham-O mwaka 1964. Aliongeza mistari ya duara iliyoinuka juu ya mgongo wa kisahani ili kitulie hewani, akapata hataza yake mwaka 1967. Mwaka huo huo kampuni ilianzisha Chama cha Kimataifa cha Frisbee, na watu wazima wakaanza kushindana kwa umbali, kwa shabaha na kwa muda wa kisahani kukaa angani.

Wazo la kuchanganya kisahani na gofu liliibuka mahali pengi kwa wakati mmoja, na anayetaka kumtaja mvumbuzi mmoja hujitafutia ubishi usiokwisha. Mwaka 1965 George Sappenfield, kijana wa California aliyekuwa akisimamia watoto wakati wa likizo ya kiangazi, aliwapangia gofu ya frizbi, miti na nguzo zikiwa ndiyo malengo. Baadaye, akiwa ofisa wa burudani katika mji wa Thousand Oaks, aliiomba Wham-O imsaidie kuandaa mashindano, na kampuni ikampelekea frizbi pamoja na hula hoop za kutumia kama mashimo. Kwenye pwani nyingine ya nchi, katika mji wa Rochester, New York, Jim Palmeri na wenzake walikuwa wakicheza kila wiki tangu mwaka 1970, wakidhani wako peke yao duniani.

Rochester ndiko safari zenyewe zilikoanzia. Mwaka 1974 kundi la Palmeri lilitangaza mashindano ya wazi ya kitaifa na kuweka zawadi ambayo mrusha frizbi hakuwahi kuiota: gari jipya aina ya Datsun B-210. Shabaha ilikuwa kuwatoa mafichoni wachezaji wengine, kama walikuwapo. Walikuwapo. Walifika kwa magari kutoka miji ya mbali, kila kundi na kanuni zake, na gari likachukuliwa na mgeni, Dan Roddick. Mwaka uliofuata Roddick alikuwa Wham-O akiongoza Chama cha Kimataifa cha Frisbee, na gofu ikaingizwa kwenye mashindano ya dunia ya frizbi yaliyofanyika katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena.

Mwaka huo huo wa 1975, kilomita chache tu kutoka Rose Bowl, Headrick aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge. Mahali penyewe panaeleza mengi kuhusu yaliyofuata. Oak Grove, ambayo leo ni sehemu ya bustani ya Hahamongna, iko kwenye bonde la mto wa msimu, juu ya bwawa la Devil's Gate, jirani na maabara ya NASA inayounda vyombo vya kwenda sayari nyingine. Ni ardhi ya mialoni na mchanga inayoweza kufurika mvua zikizidi. Nani angejenga nyumba pale, au uwanja wa besiboli? Diski haijali. Inahitaji nafasi ya kupita hewani, na mti ulio katikati ya njia hauharibu mchezo, bali ndio mchezo wenyewe.

Malengo ya kwanza ya Oak Grove yalikuwa nguzo tupu, na nguzo zilileta ugomvi: mmoja anaapa kwamba diski imegusa, mwingine anaapa kwamba imepita pembeni. Headrick alitengeneza kikapu ili kumaliza kesi hizo. Umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Nguzo moja inasimama wima. Juu yake kuna pete ya chuma ambayo minyororo inaning'inia kutoka kwenye ukingo wake, ikishuka na kukusanyika karibu na nguzo. Chini yake kuna bakuli la waya, ukingo wake ukiwa usawa wa paja la mtu mzima. Diski inayokuja kwa kasi ya wastani hupiga minyororo, minyororo ikasogea na kunyonya nguvu yake, nayo ikadondoka bakulini. Ikija kwa kasi mno hutokea upande wa pili; ikija kwa ulegevu, hugusa mnyororo wa nje na kuangukia majani. Mlio wa chuma humwambia kila aliye karibu kilichotokea, na tangu hapo mabishano yakapungua. Hataza ya kikapu ilitolewa mwaka 1977.

Headrick aliacha mshahara wa Wham-O, na mwaka 1976 akaanzisha pamoja na mwanawe kampuni ya kuuza viwanja, Disc Golf Association. Mwaka huo huo akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, akijipa uanachama namba 001. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kubisha hodi kwenye ofisi za idara za bustani na burudani. Hoja alizokwenda nazo zilikuwa ngumu kukataa. Uwanja wa gofu wa kawaida wenye mashimo 18 hula hekta 50 au zaidi za nyasi zinazomwagiliwa na kukatwa kila mara. Uwanja wa diski unaweza kukaa kwenye sehemu ndogo ya eneo hilo, kwenye mteremko au kichaka ambacho idara haikuwa na kazi nacho, kwa gharama ya vikapu 18, saruji kidogo na vibao. Baada ya hapo hauhitaji mlinzi wala mkata tiketi. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, viwanja vilikuwa vimefunguliwa La Mirada na Huntington Beach huko California, na Sedgley Woods ndani ya bustani ya Fairmount, Philadelphia, ulikuwa umeanza mwaka 1977. Katika bustani ya Balboa, San Diego, uwanja wa Morley Field ulikuwa miongoni mwa vichache vya mwanzo vilivyotoza ada ndogo.

Mtindo huo wa kuuza kwa manispaa moja moja ndio uliochora ramani ya safari za baadaye. Viwanja havikuota kwa mpango wa taifa. Viliota pale ofisa mmoja aliposhawishika, au pale mchezaji aliyehamia kazini alipokataa kukaa bila kikapu. Kwa hiyo mji mdogo wa Iowa ungeweza kuwa na kiwanja kizuri huku jiji kubwa la jirani halina chochote. Mchezaji aliyechoshwa na mashimo yake 18 ya nyumbani, ambayo alikuwa akiyajua hata kwenye giza, hakuwa na njia nyingine ila kuwasha gari.

Barabara zilikuwa zikimngoja. Juni 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za majimbo, iliyopanga mtandao wa maili 41,000, yaani kama kilomita 66,000, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Headrick alipoweka vikapu vyake vya kwanza, sehemu kubwa ya mtandao huo ilikuwa tayari inapitika. Namba zake zimepangwa kwa namna inayomsaidia msafiri: zinazogawanyika kwa mbili hukata nchi mashariki na magharibi, zisizogawanyika huenda kaskazini na kusini. Familia za Kimarekani zilikuwa zimeshazoea kutumia likizo barabarani. Vitabu vya ramani za barabara vya Rand McNally vilikuwapo tangu mwaka 1924, na kambi za KOA, zenye maji, umeme na sehemu ya kuwasha moto, zilianza Billings, Montana, mwaka 1962. Wacheza diski waliikuta miundombinu yote hiyo ipo tayari, wakaongeza kituo chao.

Katika miaka ya 1980 tatizo la msafiri lilikuwa moja: kujua uwanja uko wapi. Kikapu hakionekani kutoka barabarani. Ramani za bustani hazikukionyesha, na mara nyingi aliyepokea simu katika ofisi ya manispaa hakuwa na habari kwamba mji wake una uwanja. Taarifa zilipita kwa mdomo. Mtu akikutana na mgeni kwenye mashindano, waliandikiana namba za simu na maelekezo nyuma ya kadi za kuhesabia: toka barabara kuu kwenye njia namba fulani, pinda kushoto baada ya mnara wa maji, egesha karibu na bwawa la kuogelea, shimo la kwanza liko nyuma ya vyoo. Baadaye zilichapishwa orodha za viwanja zenye anwani na idadi ya mashimo, nazo zikakaa kwenye droo ya gari pamoja na kitabu cha ramani. Orodha iliyochapishwa huchakaa haraka. Msafiri aliweza kuendesha saa tatu na kukuta vikapu vimeng'olewa kupisha uwanja wa soka, au mafuriko yamebeba mashimo sita.

Kipindi hicho pia ndicho kilichobadilisha kifaa chenyewe, na kwa kubadilisha kifaa kikabadilisha viwanja. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa California alitengeneza diski yenye ukingo uliochongwa kama ukali wa patasi, badala ya ule mnene wa mviringo wa frizbi. Diski hiyo, iliyouzwa na kampuni mpya ya Innova, ilipasua hewa na kwenda mbali kuliko kitu chochote kilichokuwa kimerushwa kabla yake. Ilikuwa ndogo, kipenyo chake kikiwa karibu sentimita 21, na ilikuwa ngumu. Anayejaribu kuidaka kwa mkono mtupu huumia. Hapo gofu ya diski ikaachana rasmi na frizbi ya ufukweni. Diski zikagawanyika kama fimbo za gofu: za mbali, za kati, na za kumalizia karibu na kikapu. Viwanja vya zamani vikawa vifupi ghafla, na wabunifu wakaanza kutafuta ardhi kubwa, mabonde, maziwa na misitu. Uwanja ukawa kitu cha kusafiria, kwa sababu sasa ulitofautiana na mwingine.

Baadhi ya viwanja hivyo vimekuwa vituo vya lazima, na historia zao zinaonyesha jinsi mchezo ulivyotoka nje ya mikono ya manispaa. DeLaveaga, juu ya vilima vya Santa Cruz, California, ulifunguliwa mwaka 1984. Shimo lake la 27 huanzia kileleni, mchezaji akiona bahari ya ghuba ya Monterey mbele yake, na diski husafiri zaidi ya mita 150 ikiteremka kabla ya kukifikia kikapu. Wengi husafiri kwa ajili ya mrusho huo mmoja. Flip City, karibu na mji wa Shelby, Michigan, ni ardhi ya mtu binafsi, na mashimo yake yamekatwa vilimani na vichakani mwaka baada ya mwaka. Maple Hill, huko Leicester, Massachusetts, uko ndani ya shamba la miti ya Krismasi: vikapu viko kati ya mistari ya misonobari michanga na kando ya mabwawa, na mwezi Desemba wateja wa miti huchukua nafasi ya wachezaji. Brewster Ridge uko katika kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Smugglers' Notch, Vermont, ambacho kilikuwa kikitafuta cha kufanya na mlima wake theluji ikishayeyuka. Mwaka 2018 mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika hapo.

Winthrop, huko Rock Hill, South Carolina, unahitaji tahadhari. Mashindano ya kitaifa ya Marekani yamekuwa yakifanyika katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Winthrop tangu mwaka 1999, na picha zake zinajulikana na kila mpenzi wa mchezo. Lakini mpangilio unaoonekana kwenye picha, wenye kamba za mipaka na kuta za kutengeneza, huwekwa kwa ajili ya mashindano ya vuli. Anayefika Julai akiwa na picha hiyo kichwani huondoka na malalamiko.

Mji uliofaidika kuliko yote pengine ni Emporia, Kansas. Ni mji wa watu kama 24,000 katikati ya mbuga, ambao mgeni hakuwa na sababu ya kusimama isipokuwa kujaza mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya diski yalianza hapo, kampuni ya kuuza na kutengeneza diski ya Dynamic Discs ikafungua milango mwaka 2005, na mji ukakubali kuwa mwenyeji kwa moyo wote: mashindano yakija, barabara kuu ya katikati ya mji hufungwa magari ili watu washerehekee. Mwaka 2016 mashindano ya dunia yalifika, na mwaka 2022 yakarudi. Emporia pia iko kwenye barabara namba 35, inayotoka Laredo, mpakani na Meksiko, hadi Duluth kwenye Ziwa Superior, umbali wa kilomita kama 2,500. Msafiri anayeifuata hupita Austin, Kansas City, Des Moines na Minneapolis, miji ambayo yote ina viwanja vya kutosha kumaliza wiki nzima. Iowa na Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye viwanja vingi zaidi yakilinganishwa na idadi ya watu wake. Kwa safari ya kwanza, ni vigumu kupata njia bora kuliko hiyo. Wengi huitupa kando na kukimbilia milima ya magharibi kwa sababu ya mandhari, kisha wakatumia nusu ya likizo wakiendesha gari jangwani.

Kuna pia kituo cha wanaohiji. Mwaka 2007 PDGA ilifungua makao yake katika bustani ya Wildwood, Appling, Georgia, kando ya ziwa la Clarks Hill, yakiwa na viwanja vitatu vya mashimo 18 na jumba la kumbukumbu linalobeba jina la Headrick. Headrick mwenyewe alikuwa ameshafariki Agosti 2002. Kwa matakwa yake, majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki zikafinyangwa diski. Baadhi zilipewa familia na marafiki, nyingine ziliuzwa kuchangia jumba hilo.

Intaneti ilimaliza tatizo la kutafuta, ikaleta la kuchagua. Katika miaka ya 2000 tovuti ya DGCourseReview iliwawezesha wachezaji kupanga viwanja kwa alama na kuandika tathmini ndefu, pengine kali kuliko mahitaji. Mtu wa Ohio aliweza sasa kusoma kwamba shimo la saba la uwanja fulani wa Oregon lina tope hadi Juni. Mwaka 2012 ikaja programu ya simu ya UDisc, yenye ramani, umbali hadi kikapu na hesabu ya mirusho. Halafu zikaja video. Kampuni ndogo kama JomezPro zilianza kurekodi mashindano na kuyaweka YouTube, na msafiri akawa anafika kwenye uwanja ambao ameshautazama mara kumi, akijua ni mti gani uliomnyima nani ushindi. Zamani watu walisafiri ili kugundua. Siku hizi wengi husafiri ili kuhakikisha, na ubora wa programu haujafidia kabisa hasara hiyo.

Wachezaji wa kulipwa wenyewe ni wasafiri wa barabarani. Mzunguko wa Disc Golf Pro Tour ulioanza mwaka 2016 hufuata majira: huanzia kusini baridi ikiwa bado haijaisha, hupanda kaskazini kiangazi kikikolea, na humalizia kusini tena wakati wa vuli. Kwa kuwa zawadi zilikuwa ndogo, wengi waliishi ndani ya magari yenye vitanda, wakipika kwenye maegesho. Mwaka 2021 Paul McBeth alisaini mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10 na kampuni ya Discraft, na magazeti yasiyowahi kuandika habari za mchezo huu yakaandika. Walio chini yake bado wanahesabu pesa ya mafuta.

Janga la korona la mwaka 2020 liliongeza kasi ya kila kitu. Kumbi za mazoezi zilifungwa, safari za ndege zikasimama, na mchezo wa nje, usio na mguso wala kiingilio, ukabaki wazi katika sehemu nyingi. Maduka yaliishiwa diski, viwanda vikashindwa kufinyanga za kutosha. Manispaa zikaagiza vikapu, na miaka michache baadaye UDisc ilikuwa ikihesabu viwanja zaidi ya 15,000 duniani, vingi vikiwa Marekani. Kasi hiyo ilikuwa na upande wake mbaya: baadhi ya viwanja vya zamani vilitembewa mno hadi mizizi ya miti ikabaki wazi, na ukataji wa miti kwa ajili ya njia mpya ukazua upinzani wa majirani.

Upangaji wa safari yenyewe umebaki na kanuni zilizotokana na uzoefu wa miaka hiyo. Watu watatu au wanne humaliza mashimo 18 kwa karibu saa mbili, zaidi kama kuna msitu wa kupotezea diski. Viwanja viwili kwa siku vinatosha, kwa kuwa bega huchoka kabla ya miguu. Mchana wa Julai huko Texas au Kansas haufai. Watu huanza alfajiri, huendesha gari jua likiwa la utosi, na kurudi uwanjani saa kumi na moja jioni. Radi ikisikika mchezo husimama, maana mtu aliyesimama karibu na nguzo ya chuma kwenye kilima hana utetezi. Mashariki kuna kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, na karibu kila msitu una mmea wa majani matatu ambao mafuta yake huwasha ngozi kwa siku nyingi, ukifanya upupu uonekane mzaha. Diski iliyoachwa kwenye buti wakati wa joto hulegea na kupinda. Huko Colorado, ambako Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huifanya diski ipinde mapema kuelekea upande wake wa kuangukia, kwa hiyo wenye kujua hubeba diski zinazopinda kidogo kuliko wanazotumia nyumbani.

Adabu zake nazo zimekomaa. Mchezaji huandika jina na namba ya simu upande wa ndani wa diski, na anayeiokota hutarajiwa kupiga simu, hata kama mwenyewe ameshafika jimbo la tatu. Kundi la nyuma likiwa na kasi hupishwa. Anayeingiza kwa mrusho mmoja hustaafisha diski hiyo baada ya walioshuhudia kuitia saini, na saini za wageni waliokutana asubuhi ile ile zina uzito ule ule. Kwenye mashamba ya watu binafsi hulipwa kwa uaminifu, pesa ikitumbukizwa kwenye kisanduku; kwenye baadhi ya bustani za majimbo, gari hulipiwa maegesho ingawa mchezo ni bure. Palipo na mashindano mwisho wa wiki, uwanja hufungwa kwa wengine, na kalenda ya PDGA ndiyo inayopaswa kutazamwa kabla ya hoteli kulipiwa.

Ng'ambo ya Atlantiki desturi hii imepata makao ya pili. Uswidi ilianza mapema, lakini Ufini ndiyo iliyoenda mbali: viwanja viko kwenye vijiji, kwenye shule, kwenye misitu ya nyuma ya makazi, na mwaka 2025 miji ya Nokia na Tampere ilipokea mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, mara ya kwanza kufanyika nje ya Amerika Kaskazini. Iceland ina viwanja vingi kwa idadi ya watu kuliko nchi nyingine yoyote, na barabara yake moja inayozunguka kisiwa hurahisisha kuvifuata. Mfano uliokamilika zaidi, hata hivyo, uko Åland, funguvisiwa lenye watu kama 30,000 kati ya Uswidi na Ufini. Manispaa zake zote 16 zina uwanja wa gofu ya diski. Kumi kati ya hizo hufikiwa kwa gari kutoka Mariehamn, mji mkuu. Zilizobaki ziko kwenye visiwa vya nje, na anayetaka kuzimaliza zote hupanga ratiba ya feri kwanza, viwanja baadaye.